Begi lililoharibika bila kuona mvua

Nilitoa begi langu la baiskeli chumbani siku chache kabla ya vuli, mawingu yakiwa yameanza kujikusanya juu ya bahari ya Tanga. Ni begi la lita 20, jepesi kiasi kwamba likikunjwa linaenea kiganjani. Nilitia mkono ndani kuangalia kama kuna kitu kilichobaki tangu safari iliyopita, na mkono ukanata.

Utando wa ndani ulikuwa umelainika. Nilipovuta vidole vilikuja na vipande vyembamba vyeupe ambavyo havikutaka kutoka hata kwa sabuni. Kisha ikafuata harufu: uchachu mkali unaokaribia ule wa matapishi.

Begi hilo halikuwa limeona mvua tangu masika. Lilikuwa chumbani, safi, limekunjwa vizuri, mlango umefungwa.

Kwa wiki kadhaa swali hilo lilinifuata kazini, sokoni, na hata nikiwa juu ya tandiko la baiskeli jioni. Kitu kilichotengenezwa kuzuia maji kinaharibikaje mahali pakavu?

## Chumba cha pwani si pakavu

Nilishuku panya. Nikashuku mafuta ya mnyororo, kisha dawa ya mbu niliyowahi kuibeba humo. Jibu lilikuwa kwenye kitambaa chenyewe.

Mabegi mengi mepesi ya kuzuia maji hushonwa kwa nailoni au polista nyembamba, halafu upande wa ndani hupakwa utando. Uzi hauzuii maji. Kinachozuia ni utando. Unaotumika sana, kwa sababu ni rahisi, ni wa poliyurethani, au PU kwa kifupi. Ni laini, unashika vizuri utepe wa kuzibia mishono, na ukiwa mpya hauna lawama. Lakini aina nyingi za PU, hasa za bei ya chini, zina viungo vya kemikali ambavyo maji huvikata kimoja baada ya kingine. Na si lazima yawe maji ya mvua. Mvuke uliomo hewani unatosha, na joto huharakisha kazi. Utando hulainika, hunata, hunuka, mwisho hubanduka.

Sasa chukua chumba cha Tanga. Mchana joto linafika nyuzi 30, usiku halishuki sana, na kuna miezi chumvi ya mezani inagoma kutoka kwenye kichupa chake. Begi nililolikunja kwa uangalifu lilikuwa linaloweshwa mchana na usiku na hewa iliyonaswa kwenye mikunjo yake. Kule kulikunja vizuri ndiko kulikoinyima hewa hiyo njia ya kutoka.

Wanaobuni mabegi haya wengi wako Ulaya na Marekani. Begi likikaa kwenye kabati la nyumba yenye joto la hita, ambako hewa ya ndani ni kavu majira yote ya baridi, linaweza kudumu miaka mingi bila kunata. Siamini kwamba walikusudia kutuuzia kitu kibovu. Walilipima dhidi ya mvua, na kwa mvua lilifaulu.

## Begi linaishi nyumbani

Hapo ndipo nilipoanza kuliona jambo hili upya.

Tunapochagua begi la baiskeli tunaiwazia ile saa ya mvua: Muheza, matone mazito, lori linapita na kukurushia tope. Tunauliza, je, litastahimili? Ni swali la haki. Ila saa hiyo ni sehemu ndogo sana ya maisha ya begi. Kwa sisi tunaofanya kazi na kupata safari ndefu mara chache kwa mwaka, begi linaishi nyumbani. Barabarani linatembelea tu.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalouliza sasa dukani halihusu mvua. Nauliza utando ni wa nini, na utakaa wapi.

Silikoni haina ugonjwa huu. Nailoni iliyopakwa silikoni pande zote mbili inaweza kukaa Pwani miaka bila kunata, na ni nyepesi mno: begi la lita 13 la kitambaa hicho huwa chini ya gramu 100, mara nyingine chini sana. Shida yake ni mishono. Utepe wa kawaida haushiki juu ya silikoni, kwa hiyo mishono huzibwa kwa silikoni ya maji, na mtengenezaji akifanya haraka maji yanapita kwenye tundu za sindano. Hili linarekebishika nyumbani. Silikoni ileile ya kuzibia madirisha, ikilainishwa kidogo kwa tapentaini ya kuchanganyia rangi, inapakwa kwa brashi ndogo juu ya mshono na kuachwa usiku kucha. Siku ya pili unapaka tena palipobaki pembamba.

Kuna pia TPU, ndugu wa PU, ambayo hubandikwa kwenye kitambaa kama karatasi nzima kisha kingo zikaunganishwa kwa joto bila sindano. Aina zake nzuri zinavumilia unyevu kuliko utando wa kupaka. Ni nzito kidogo, na ghali kidogo. Kwa mtu wa Pwani naona tofauti hiyo ya bei inalipa.

Halafu kuna zile za Dyneema, kitambaa cha nyuzi imara sana za plastiki, nyeupe zinazopitisha mwanga, ambazo wasafiri wa Ulaya wanazisifu kwa wepesi. Hazilegei zikilowa. Bei yake ni kubwa, na kitambaa hicho hakipendi kusuguliwa. Barabara yetu ya changarawe ni msuguano mtupu. Nimeziacha.

## Namba za lebo

Msomaji mmoja aliwahi kuniuliza namba za lebo zina maana gani, na nilimjibu kwa mkato. Nijibu vizuri hapa.

Denia, inayoandikwa D, ni uzito wa uzi: gramu ngapi kwa mita 9,000 za uzi huo. 30D ni uzi mwembamba wa kitu kitakachokaa ndani ya begi jingine. 70D inavumilia zaidi. Kitu kitakachokaa nje, kikisuguana na keria, mimi sikikubali chini ya 200D hata kikisifiwa vipi. Ila denia haisemi lolote kuhusu maji. Uzi mnene wenye utando mbaya utakulowesha vilevile.

Milimita ndizo zinazosema habari ya maji. Kitambaa huwekewa safu ya maji juu yake, na urefu wa safu hiyo hadi matone yanapoanza kupenya ndiyo namba. Milimita 1,500 ndiyo inayotajwa mara nyingi kama mwanzo wa kuitwa kisichopitisha maji. Kwa mvua inayoangukia begi lililokaa tu, inatosha. Lakini begi lililobanwa kwa mipira juu ya keria, na mzigo ndani ukisukuma kitambaa, lina mgandamizo zaidi ya huo. Maji yanayorushwa na tairi la basi la mkoani nayo hayaji kwa upole.

Kisha herufi IP. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. 6 ya mwanzo maana yake vumbi haliingii kabisa, na hii kwetu ni habari kubwa kuliko wanavyoipa uzito wenye kuandika lebo, maana nje ya msimu wa mvua ni vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye soketi ya simu. 4 ya pili ni maji ya kurushwa kutoka kila upande. 7 ni kuzamishwa hadi mita moja kwa nusu saa. Begi la IP64 halikuahidi kuzama mtoni, na anayevuka mto akilibeba hana wa kumdai.

Namba zote hizo hupimwa kitambaa kikiwa kipya.

Hilo ndilo lililonikaa rohoni. Hakuna hata namba moja kwenye lebo inayosema begi litakuwaje baada ya masika mawili ya kukaa Tanga.

## Turubai

Kuna hadithi ninayoipenda katika historia ya vitu hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kijana wa Kijerumani aitwaye Hartmut Ortlieb alikuwa anasafiri kwa baiskeli Uingereza, mvua ikimlowesha kila kitu, akaona malori yakipita na mizigo yao mikavu chini ya maturubai. Akarudi nyumbani akashona mikoba ya baiskeli kwa kitambaa hichohicho. Mwaka 1982 akaanzisha kampuni yenye jina lake, na hadi leo mikoba hiyo ya pembeni, yenye mdomo wa kukunja, ndiyo ambayo wengine wote hulinganishwa nayo.

Hadithi hii ilinipeleka Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwa fundi anayeshona maturubai ya malori na viti vya daladala. Nilimwonyesha begi langu lililobabuka. Akalipapasa, akalinusa, akalirudisha.

"Kitambaa hiki kimetengenezwa kwa ajili ya dukani," akasema. "Turubai hili hapa, mwanangu, limekaa juu ya lori miaka. Tazama."

Lilikuwa gumu, limefifia rangi, pembe zimepasuka kwa jua. Lakini halikunata. Turubai la lori ni polista iliyofunikwa kwa PVC, na PVC haikatwi na unyevu kama PU. Jua ndilo linaloimaliza, polepole, kwa kuikausha hadi ivunjike. Fundi alikuwa na hoja.

Ila turubai ni zito. Jozi ya mikoba ya nyuma ya aina ya Ortlieb ya kawaida, yenye ujazo wa lita 40 kwa pamoja, ina karibu kilo 2 kabla hujatia hata soksi. Ya fundi wa Ngamiani ingezidi hapo. Nikakaa na karatasi na kalamu kutafuta wepesi unanipa nini hasa.

Kutoka Mombo hadi Lushoto, juu ya milima ya Usambara, ni kilomita zipatazo 33, na unapanda kama mita 1,000. Mpandaji, baiskeli na mizigo tuseme ni kilo 95. Kilo moja ya ziada ni takriban asilimia 1 ya kazi ya kupanda. Mlima wa saa tatu unaongezeka dakika mbili.

Dakika mbili.

Nilibaki naitazama hesabu hiyo kwa muda mrefu. Miaka yote tumekuwa tukikoseshwa usingizi na gramu. Vikundi vyetu vya waendesha baiskeli vimejaa mijadala ya gramu. Na hapa mlima wenyewe unasema kilo nzima ni dakika mbili, muda wa kunywa maji pale Soni, mji mdogo ulio njiani.

Sikusema basi wepesi hauna maana. Una maana, lakini si kwa mlima. Mfuko mwepesi unakuruhusu kuwa na mifuko kadhaa midogo badala ya mmoja mkubwa, na hapo unaweza kufungua wa chakula mvua ikinyesha bila kufungua wa nguo za kulalia. Mfuko mwepesi ukiwa mtupu hauchukui nafasi. Na mzigo wa kwenye usukani ukiwa mzito, baiskeli inakataa kukata kona kwenye mteremko wenye tope, jambo ambalo kila aliyeshuka Mtae wakati wa masika analijua.

Kwa hiyo nilifika hapa: nje kitu kigumu, kisichojali jua wala keria, ndani mifuko myepesi, kila mmoja na kazi yake. Kigumu kinalinda chepesi. Lakini bado nilikuwa sijajua ni vitu gani vinastahili kuwekwa humo. Nilikuwa bado nafikiri ni vyote.

## Baba wa Soni

Mvua ilinishika karibu na Soni, ile mvua ya Usambara inayokuja na ukungu kwa pamoja hata hujui imeanza saa ngapi. Nikaegesha barazani kwa duka moja. Alikuwepo mzee mmoja na baiskeli yake, keria imebeba viroba viwili vya karoti vilivyofungwa kwa vipande vya tyubu. Alikuwa ametota chapachapa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kaa, hii haiishi sasa hivi."

Akafungua kifua cha shati akatoa kifurushi. Ilikuwa plastiki nene tunayoiita nailoni, ile ya ndani ya mfuko wa mbolea, imekatwa kipande, imekunjwa mdomo mara tatu na kufungwa kwa mpira. Ndani simu, pesa, kiberiti, kitambulisho. Vikavu kabisa. Akapiga simu moja fupi kwa Kisambaa, akavirudisha.

Juu ya viroba kulikuwa na kifurushi kingine cha nailoni ileile. Nikamwuliza kina nini.

"Sweta. Hili ndilo la usiku."

Na vingine?

"Vingine vikilowa vitakauka."

Sikuongeza swali. Mvua ilipopungua alishika njia kuelekea Mombo, nami nikaendelea juu, na njia nzima nikawa nahesabu vilivyokuwa kwenye keria yangu kwa kipimo chake. Koti la mvua: lilitengenezwa lilowe. Tyubu za akiba: mpira. Pampu, sufuria, kamba, mafuta ya mnyororo: havijali. Nguo za kuendeshea: zimekwisha kulowa jasho. Spana zinapata kutu, lakini kitambaa chenye mafuta kinazilinda kuliko mfuko wowote.

Vilivyobaki vilikuwa vichache. Sweta na suruali ya usiku, soksi za sufu, begi la kulalia. Simu na pawabenki. Dawa. Viraka, gundi na msasa, maana kiraka hakishiki kwenye tyubu yenye maji, na msasa uliolowa hausugui kitu. Hivyo tu. Vyote vinaenea kwenye mfuko mmoja wa lita 13 na mwingine wa lita 4.

Lushoto usiku wa baridi si mahali pa kubahatisha. Mtu aliyelowa, amechoka, ana njaa, na hana nguo moja kavu ya kubadili, yuko hatarini hata kama ni nyuzi 14 tu. Sweta la yule mzee lilikuwa kinga yake, na aliipa ulinzi uleule alioipa simu yake. Nimewaona vijana kwenye misafara yetu wenye mikoba ya bei kubwa wakifika jioni na kila kitu kikiwa na unyevu kidogo, kwa sababu walifungua mkoba uleule barabarani kutafuta biskuti.

## Maji yanayotoka ndani

Hapa nilikuwa na shaka nyingine. Mara kadhaa nimefungua begi ambalo hakika halikuvuja, nikakuta nguo zina ubaridi na unyevu. Nilikuwa na imani kwamba ni hewa: unafunga begi Tanga kukiwa na joto, unafika milimani kuna baridi, mvuke unageuka maji.

Nikapiga hesabu. Kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, mita moja ya ujazo ya hewa ina mvuke wa gramu 24 hivi. Begi la lita 20 ni sehemu ya hamsini ya mita hiyo. Hata likiwa tupu kabisa na limejaa hewa, mvuke wote uliomo ndani haufiki nusu gramu.

Nusu gramu haiwezi kulowesha sweta.

Maji yalikuwa kwenye nguo zenyewe. Pamba hunywa mvuke wa hewa bila kuonekana imelowa. Shati la pamba la gramu 200, likitundikwa katika hewa ya Pwani, hubeba gramu 15 hadi 20 za maji na ukilishika utaapa ni kavu. Weka mashati matatu na taulo kwenye mfuko usiopumua, uupigishe jua juu ya keria mchana kutwa, na maji hayo yatatoka kwenye pamba na kutafuta pa kukaa. Mfuko ukipoa jioni yanatulia juu ya kitu cha kwanza chenye baridi. Mfuko usioingiza maji ndio huohuo usioyatoa.

Tangu nilipolielewa hili, nguo za usiku ni za polista, naanika juani kabla ya kufunga, na nafunga zikiwa bado na joto la jua. Kanga ninayoipenda kwa safari nimeihamishia mfuko wa vitu vinavyoruhusiwa kulowa. Wala sichanganyi tena kilichovaliwa na ambacho hakijavaliwa. Nguo moja yenye jasho ikiingia mfuko wa usiku, mfuko huo si mkavu tena, hata kama ni IP67.

## Kujaribu kabla ya kuuamini

Mfuko mpya au wa mtumba naupima kwa namna mbili. Kwanza naujaza hewa, nakunja mdomo mara tatu au nne kwa nguvu, nafunga klipu, kisha nauzamisha kwenye beseni na kuubana, kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha kwenye tyubu. Vipovu vikitoka kwenye mshono, mshono unahitaji silikoni. Vikitoka mdomoni, jaribu kukunja tena, maana mara nyingi kosa ni mikunjo michache au kitambaa kilichojipinda. Mkunjo mmoja hauzuii kitu. Mitatu ndiyo ya chini, na ndiyo sababu mfuko wa lita 13 uliojazwa hadi juu hauwezi kufungwa sawasawa. Nunua mkubwa kidogo kuliko mzigo.

Pili naugeuza ndani nje, nautia maji nusu, nautundika kwenye mti wa mwembe uani na kuuacha saa moja. Hapa kitambaa chenyewe kinajieleza. Tone moja kwenye kona si sababu ya kuutupa. Ni mahali pa kupaka.

Kwa wa mtumba kuna jaribio la tatu, na ndilo linaloanza: ingiza mkono, sugua kidole ndani ya kona ya chini, unusa. Kikinata, au kikinuka uchachu, rudisha hata ukiambiwa ni wa Ujerumani. Mitumba mizuri ya aina hii inapatikana Tanga na Dar, lakini mingine huenda iliachwa huko ilikotoka kwa sababu hiyohiyo.

Rangi nayo nimeanza kuijali. Mfuko wa ndani uwe wa rangi ya kung'aa au nyeupe. Saa moja usiku, mvua inanyesha, tochi mdomoni, utaelewa.

## Ukiwa na pesa ndogo

Wengi wanaonisoma hawana laki kadhaa za kununua mikoba, na sitaki waone safari ya masika si yao.

Zamani jibu lilikuwa rambo. Unatia nguo kwenye rambo mbili, unafunga fundo, unaingiza kwenye begi la kawaida. Tangu tarehe 1 Juni 2019 rambo zimepigwa marufuku, na sizililii; nilikuwa nikiziona zimenasa kwenye mikonge kuanzia Muheza hadi Korogwe. Lakini sheria hiyo ilibakiza vifungashio vya kilimo, na huko ndiko kuliko na kitu kizuri.

Nenda duka la pembejeo uulizie mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, ile ya PICS na inayofanana nayo. Ilianza kama kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani pamoja na wenzao wa Kameruni, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya kuokoa kunde. Ina tabaka tatu: nje kiroba cha kawaida, ndani mifuko miwili ya plastiki nene. Imetengenezwa ili hewa isiingie na wadudu wafe kwa kukosa oksijeni. Kisichopitisha hewa hakipitishi maji. Na plastiki ile haikatwi na unyevu wa Pwani kama PU. Adui yake ni jua na kitu chenye ncha.

Mfuko wa kilo 100 ni mrefu kuliko unavyohitaji. Kata upande wa mdomo, acha chini kama kulivyo, ubaki na urefu unaozidi mzigo kwa mkono mzima. Tia nguo zako za usiku, toa hewa, sokota mdomo, ukunje urudi chini, ufunge kwa kipande cha tyubu, vilevile mkulima anavyofunga mahindi yake. Mfuko wa pili uweke akiba, au mpe mwenzako. Kiroba cha nje kinafaa kuwa ganda la kusuguana na keria. Nailoni ya mfuko wa mbolea inafaa pia, kama ile ya baba wa Soni, ila ioshwe kwa maji mengi mara kadhaa, kwa maana chumvi za mbolea zinakula zipu, spana na ngozi ya mtu.

Ukirudi nyumbani suuza kwa maji baridi, geuza ndani nje, kausha kivulini, kisha tundika mdomo ukiwa wazi mahali panapopita upepo. Hata ule wa silikoni ninautunza hivyo sasa. Usikunje.